Anapokosekana wa Kuridhiwa: Shura ya Mwaka 23 Hijria na Kura ya Misri ya 2012



Miongoni mwa maswali yanayorudi kila unapokaribia uchaguzi ni hili: mtu amewatazama wagombea wote wa urais, akamkuta huyu ana kasoro hii na yule ana kasoro ile, wala hakumwona hata mmoja ambaye moyo wake unamtulia. Je, ampigie kura aliye nafuu, au akae nyumbani, au aende kituoni akaiharibu karatasi kwa makusudi? Wako wanaolijibu kwa neno moja, "haramu" au "wajibu", kisha wakaenda zao. Sisi tunaona kuwa swali hili lina umri mkubwa kuliko masanduku ya kura, na aliyeipitia historia yake hatakuwa mwepesi wa neno moja.

Tuanze Madina, mwishoni mwa Dhulhija mwaka 23 Hijria (Novemba 644). Sayyidna Umar bin al-Khattab (Allah amridhie) amechomwa jambia na Abu Lu'lu'a katika swala ya Alfajiri, na watu wanamtaka ataje wa kumrithi. Imepokewa katika tarikh ya at-Tabari kwamba alitamani lau angekuwa hai Abu Ubaida bin al-Jarrah, au Salim mtumwa huru wa Abu Hudhaifa. Mmoja wao angemteua bila ya kusitasita. Lakini Abu Ubaida alikwishafariki kwa tauni ya Amwas mwaka wa 18, na Salim aliuawa shahidi katika vita vya Yamama. Basi hata Umar, aliyezungukwa na watu ambao Mtume (SAW) alifariki hali ya kuwa radhi nao, alijikuta anaowataka hawapo, na waliopo kila mmoja ana jambo la kumfanya asite. Hakuliacha suala likielea kwa sababu hiyo. Aliwataja watu sita: Uthman, Ali, Talha, Zubeir, Saad bin Abi Waqqas na Abdurrahman bin Auf, akawapa siku tatu, na mwanawe Abdullah akamruhusu kuhudhuria bila ya kuwa na fungu katika ukhalifa.

Yaliyofuata yanajulikana, ila mara nyingi husomwa kwa haraka. Kwa mapokezi ya al-Bukhari, Abdurrahman aliwataka watu sita hao wapunguze idadi yao. Zubeir akamwachia Ali, Talha akamwachia Uthman, na Saad akamwachia Abdurrahman. Nusu ya wagombea, kwa lugha ya leo, walijitoa. Kisha Abdurrahman naye akajitoa, kwa sharti kwamba yeye ndiye awe mwenye kuchagua baina ya wawili waliobaki. Akazunguka Madina mchana na usiku akiuliza. Ibn Kathir anataja kuwa aliwafikia hata wanawake majumbani mwao, watoto wa vyuoni na wasafiri waliokuwa wakiingia mjini. Na katika mapokezi ya Miswar bin Makhrama, mpwa wake, alimgongea mlango usiku wa mwisho akamweleza kuwa hakupata usingizi wa kutosha.

Ilipofika asubuhi ya kutoa baia, aliweka sharti hadharani: kufuata Kitabu cha Allah, Sunna ya Mtume wake, na mwendo wa makhalifa wawili waliotangulia. Mapokezi yanahitilafiana juu ya namna Ali alivyojibu, na wenzetu wa madhehebu ya Shia wana kauli yao kuhusu shura hii nzima. Si mahali pake hapa. Tunachokitaka ni utaratibu: mwenye kuchagua hakuwa na maslahi yake mwenyewe, aliuliza kabla ya kuamua, na sharti lilitajwa kabla ya mkono kutolewa, si baada yake. Tutalirudia jambo hili la mwisho tukifika Cairo.

Wanavyuoni wa fiqhi waliokuja baadaye hawakuishi zama za Masahaba, na walijua hivyo. Al-Mawardi (aliyefariki 450 Hijria, 1058) katika al-Ahkam as-Sultaniyya anaweka masharti saba ya imamu, kisha mara moja anaingia katika mambo yasiyokaa sawa. Wakiwa wawili, mmoja ana elimu zaidi na mwingine ana ushujaa zaidi, anasema itazamwe haja ya wakati: mipaka ikiwa imevunjwa na waasi wamezuka, atangulizwe shujaa, watu wakiwa katika utulivu na bidaa ndiyo iliyoenea, atangulizwe mwanachuoni. Na kumchagua mwenye daraja ya chini hali ya kuwa aliye bora yupo, kwa kauli ya wengi, kunasihi. Ibn Taymiyya (aliyefariki 728 Hijria, 1328) katika as-Siyasa ash-Shar'iyya ananukuu jibu la Imam Ahmad alipoulizwa juu ya majemadari wawili, mmoja ana nguvu lakini ni fasiki, mwingine ni mchamungu lakini dhaifu, nani aendewe naye vitani. Jibu lake lilikuwa kwamba nguvu za yule wa kwanza ni manufaa kwa Waislamu na ufasiki wake ni juu yake mwenyewe, ama yule wa pili uchamungu wake ni wa nafsi yake na udhaifu wake unawaangukia Waislamu. Lakini Ibn Taymiyya huyo huyo anasema kuwa kwenye kazi ya kutunza mali hutangulizwa muaminifu. Watu wengi huikumbuka nusu ya kwanza wakaisahau hii ya pili, hasa wakati wa kampeni!

Anayekaribia zaidi swali letu ni Izzuddin bin Abdissalam. Katika Qawaid al-Ahkam anauliza: ikiwa uadilifu umekosekana kwa watu wote, kazi za umma zifanyweje? Jibu lake ni kuwa hutangulizwa aliye na ufasiki mchache zaidi, kwa sababu kuziacha kazi bila ya mtu ni kuzipoteza haki za watu. Hii ndiyo kanuni ya kulichukua dhara lililo jepesi kati ya madhara mawili, na wazee wetu waliisema kwa Kiswahili bila ya kusoma usuli: heri nusu shari kuliko shari kamili. Shekhe huyu alihamia Misri akitokea Damascus, akashika ukadhi huko, na akafia Cairo mwaka 660 Hijria (1262).

Na ni Misri hiyo iliyotupa mfano mgumu kuliko yote katika zama zetu. Baada ya kuangushwa Husni Mubarak Februari 2011, Wamisri waliingia katika uchaguzi wa rais tarehe 23 na 24 Mei 2012. Ndugu Waislamu, waliokuwa wameahidi kutosimamisha mgombea, walibadili msimamo wakamtoa Khairat ash-Shater; alipoenguliwa akaingia Muhammad Mursi, ambaye watu mitaani walimwita "tairi la spea". Matokeo ya duru ya kwanza yalikuwa hivi: Mursi asilimia 24.78, Ahmad Shafiq 23.66, Hamdin Sabahi 20.72, Abdul-Mun'im Abul-Futuh 17.47, Amr Musa 11.13. Kwa mujibu wa kanuni, wawili wa kwanza waliingia duru ya pili. Jumlisha sasa kura za watatu waliotoka: ni zaidi ya asilimia 49. Karibu nusu ya wapiga kura walirudi kwenye masanduku tarehe 16 na 17 Juni, na mtu waliyemtaka hayumo kwenye karatasi.

Waliobaki walikuwa akina nani? Shafiq ni jenerali wa jeshi la anga na waziri mkuu wa mwisho aliyeteuliwa na Mubarak. Ni katika siku zake ambapo watu wa ngamia na farasi waliwavamia waandamanaji wa Medani ya Tahrir, tarehe 2 Februari 2011. Mursi ni mtu wa jumuiya moja yenye nidhamu kali, na wengi waliojitolea kwenye mapinduzi waliogopa kuwa dola itamezwa na jumuiya hiyo. Wakristo wa Kikopti walikuwa na hofu yao, na hatuoni insafu kuidharau. Juu ya hayo, siku mbili kabla ya kura, tarehe 14 Juni, Mahakama Kuu ya Katiba ilitoa hukumu iliyopelekea kuvunjwa bunge; na jioni ya tarehe 17, masanduku yakifungwa, baraza la kijeshi likatoa tangazo la kujiongezea madaraka. Mpiga kura alikuwa akichagua rais bila ya kujua rais huyo atakuwa na mamlaka gani.

Hapo watu waligawanyika. Wako waliompa Mursi kura zao kwa uchungu ili Shafiq asipite; Wamisri wakawaita "wakamuaji ndimu", yaani wameikamulia ndimu kura yao ndipo wakaweza kuimeza. Wako waliofanya hivyo hivyo kwa Shafiq kwa hofu ya upande wa pili, ingawa hawakupewa jina la kuchekesha. Sabahi hakumuunga mkono yeyote. Na wako walioitwa "wabatilishaji", waliopanga foleni juani kisha wakaiharibu karatasi. Mursi alipata kura 13,230,131, Shafiq 12,347,380. Tofauti yao ni 882,751. Kura zilizoharibika zilikuwa 843,252, zaidi ya mara mbili ya zile za duru ya kwanza.

Tunaomba msomaji aizingatie hoja ya wabatilishaji, kwani ni ya kifiqhi hata kama wengi wao hawakuivalisha nguo hiyo. Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan (aliyefariki 1976) alieleza kuwa kura ina sura tatu: ni ushahidi, ni uombezi, na ni uwakala. Ikiwa ni ushahidi, wao wanasema, vipi nitamshuhudilia kufaa mtu ambaye ninaamini hafai? Huo si ushahidi wa uongo? Hoja ina uzito, na waliowacheka hawakuwafanyia uadilifu. Hata hivyo sisi hatukubaliani nao kwa kila hali. Ushahidi hufuata swali. Kadhi akimuuliza shahidi, "Ni yupi kati ya hawa wawili uliyemwona karibu na mlango?", naye akamtaja mmoja, hakushuhudia kuwa huyo ni mtu mwema. Karatasi ya duru ya kwanza inauliza nani anafaa, na ya duru ya pili inauliza yupi kati ya hawa wawili. Mwenye kujibu la pili kwa nia safi hakudanganya. Tena karatasi iliyoharibiwa kwa msimamo huhesabiwa kapu moja na iliyoharibiwa kwa kutojua kuandika, na msimamizi wa kituo hana safu ya kuandika sababu.

Lakini kanuni ya dhara jepesi nayo ina sharti ambalo hupuuzwa: ni lazima madhara yote mawili yawe yamepimwa kweli, si kudhaniwa kwa chuki. Aliyepima kwa juhudi yake akaona hawezi kutofautisha, kwake yeye kanuni haina pa kushika, na kujizuia kwake hatukuiti dhambi. Anayejizuia kwa uvivu akajipamba kwa jina la wara, huyo ni mwingine.

Tarudi sasa kwenye sharti. Tarehe 22 Juni 2012, kura zikiwa zimekwishapigwa lakini matokeo hayajatangazwa, baadhi ya wakamuaji ndimu walikutana na Mursi katika hoteli ya Fairmont mjini Cairo. Wakakubaliana juu ya serikali ya umoja, waziri mkuu kutoka nje ya jumuiya, na mizani katika baraza la kutunga katiba. Matokeo yakatangazwa tarehe 24. Haukupita muda mrefu wengi wa waliokaa mkutano ule wakalalamika kuwa ahadi hazikutekelezwa, na tangazo la katiba la tarehe 22 Novemba, lililoziweka amri za rais juu ya mahakama, likawakatisha tamaa waliobaki. Abdurrahman bin Auf aliweka sharti akiwa bado ameushika mkono wake. Hawa walikwenda kuliweka karatasi zikiwa zimo sandukuni, nao hawana tena cha kuzuia. Sisi tunaona kosa lilikuwa hapo zaidi kuliko katika kuchagua kwenyewe. Zilikuwepo wiki tatu baina ya duru mbili, na karibu nusu ya kura za nchi zilikuwa hazina mwenyewe. Hiyo ndiyo iliyokuwa saa ya kusema na wagombea wote wawili, mbele ya watu na kwa maandishi.

Yaliyotokea baadaye yanajulikana: maandamano ya tarehe 30 Juni 2013, jeshi kumwondoa Mursi tarehe 3 Julai, mamia ya watu kuuawa katika uwanja wa Rabaa tarehe 14 Agosti, na Mursi mwenyewe kufariki mahakamani tarehe 17 Juni 2019. Katika miaka hiyo yote wakamuaji ndimu walilaumiwa na pande zote. Hawa wakawaambia, "Nyinyi mliwaleta," na wale wakawaambia, "Nyinyi mliwasaliti." Fiqhi ina neno juu ya lawama hii. Mtenda wa moja kwa moja na msababishaji wakikutana, hukumu huelekezwa kwa mtenda. Nayo ni kanuni ya 90 katika Majalla ya Dola ya Uthmani. Aliyempa mtu kura kwa ijtihadi hadaiwi amri aliyoitia saini mtu huyo miezi mitano baadaye. Anadaiwa kile alichokijua siku ile alipokuwa kwenye foleni, na alichokifanya baada ya kuiona amri hiyo.