Wakazi wa Piraeus na Bahari Inayofukiwa

Mtaa wa Piraiki umezungukwa na bahari pande tatu, na watu wake huogelea na kuvua kwa mshipi kwenye miamba yake. Uko Piraeus, mji wa bandari ulio kilomita 10 hivi kutoka Athens. Pembeni mwa mtaa huo ndipo kampuni ya Kichina ya COSCO ilipoanza kufukia bahari ili kujenga gati la meli kubwa za kitalii.

Piraeus na bandari ni chanda na pete tangu Themistocles alipoanza kuijengea ngome mwaka 493 KK. Warumi waliiteketeza mwaka 86 KK. Ikafufuka karne ya 19, Athens ilipofanywa mji mkuu wa Ugiriki.

Mgeni alibisha hodi Novemba 2008. Serikali iliikodishia COSCO magati mawili ya makontena kwa miaka 35, Rais Hu Jintao wa China akiwa Athens kushuhudia. Makuli waligoma. Kisha nchi ikazama katika madeni, wakopeshaji wakaibana iuze mali ya umma, na mwaka 2016 COSCO ikanunua asilimia 51 ya hisa za mamlaka ya bandari yenyewe kwa euro milioni 280.5.

Biashara ilinoga, hilo halina ubishi. Makontena yaliyokuwa chini ya nusu milioni mwaka 2008 yalipita milioni 5.6 mwaka 2019.

Lakini upanuzi wa bandari, likiwemo gati la meli za kitalii, una wanaoulipia. Wakazi walihofia moshi wa meli, msongamano wa mabasi ya watalii, na tope lililochimbwa bandarini kwenda kumwagwa katika Ghuba ya Saronic. Hawa si watu wanaochukia bandari. Familia nyingi zimelelewa nayo. Wafanyakazi nao walilipa: Oktoba 2021 mfanyakazi mmoja wa bandari alifariki baada ya kugongwa na kreni, na wenzake wakagoma wakidai vikosi vya kazi viongezewe watu. Mwezi huohuo COSCO iliongezewa hisa asilimia 16, ingawa uwekezaji iliouahidi haukuwa umekamilika. Kampuni ililaumu pingamizi za wenyeji.

Lawama hiyo haikusimama. Wakazi walikwenda mahakamani, na mwaka 2022 mahakama ya juu ya masuala ya utawala ikaona kwamba mpango wa upanuzi uliidhinishwa bila tathmini ya kimkakati ya athari za mazingira.

Haki ya kampuni kuiendesha bandari hiyo itakwisha mwaka 2052.