Dodoma ya Reli na Dodoma ya Mtunya

Mtu akiuliza mji wa Dodoma ulianza lini, jibu la haraka ni 1910. Mwaka huo reli ya kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika hapa ikiwa njiani kwenda Tabora na Kigoma. Stesheni, boma na maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi vikajipanga kandokando ya njia, na malisho ya Wagogo yakawa mji. Jibu hilo ni sahihi, ila linatoka upande mmoja tu, upande wa mwenye karatasi. Wenyeji walikuwa na kalenda yao, nayo ilihesabu miaka kwa mvua na kwa njaa. Anayetaka kuandika historia ya Dodoma hana budi kuzisoma kalenda zote mbili, na kila moja aikague kwa nyingine.

Tuanze kabla ya reli. Katika karne ya 19, msafara wa kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji kwa njia kuu ulipita Ugogo. Baada ya Mpwapwa wapagazi walivuka Marenga Mkali, pori kame la kutisha, wakaingia kwa Wagogo wakiwa na kiu na wamechoka. Hapo watemi walidai hongo ya vitambaa, shanga na waya, ndipo wageni waruhusiwe kupita na kuteka maji. Wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walilipa mwaka 1857. Stanley naye akalipa mwaka 1871. Vitabu vya wasafiri hao vimejaa manung'uniko juu ya hongo, na wasomaji wengi wameyameza jinsi yalivyo. Mtafiti ayasome kwa jicho la mwenye kisima. Katika nchi ya mvua haba, maji yalikuwa mali. Watu walioweza kuwaketisha chini wageni wenye bunduki, siku baada ya siku, mpaka bei ikubaliwe, walikuwa na utawala na walijua biashara.

Wajerumani walipoingia, kituo chao cha kwanza katika eneo hili hakikuwa Dodoma. Waliweka askari Mpwapwa mwaka 1889, na baadaye wakajenga boma Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa. Reli ndiyo iliyogeuza mambo: ikaipandisha Dodoma na kuiacha Kilimatinde pembeni. Kwa hiyo anayechunguza Dodoma ya miaka ya mwanzo asiishie Dodoma, maana habari za wakati huo ziliandikwa katika maboma mengine.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916. Kabla yao Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza nao wakachukua. Mvua zilipokosekana, maghala yalikuwa matupu na mikono ya kulima haikuwepo. Ndipo ikaja Mtunya, njaa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo homa ya mafua ya dunia iliikuta na kuizidisha. Maelfu kwa maelfu walikufa, na wengine waliwapeleka watoto wao kwa majirani wenye chakula ili wapone. Katika kalenda ya karatasi, 1916 ni mwaka wa ushindi. Katika kalenda ya Ugogo, ni mwanzo wa maafa. Hakuna historia ya kweli ya mji huu inayoweza kutaja ushindi huo na kuyanyamazia maafa hayo.

Ukimya huo upo hata makaburini. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika ripoti yake kwamba Waafrika wengi waliokufa katika vita hiyo Afrika Mashariki, wapagazi wakiwa wengi zaidi, hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa wanajeshi wa Kizungu. Majina yao yamebaki katika koo zao, basi huko ndiko kwa kuyatafuta.

Tazama pia majengo. Tembe la Kigogo ni fito na udongo, paa lake ni bapa na limefunikwa kwa udongo, na vyumba vyake vinazunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Likihamwa, misimu michache ya mvua hulirudisha ardhini. Stesheni ya mawe hubaki. Anayehesabu magofu tu ataamini kwamba kabla ya Mjerumani hapakuwa na kitu.

Aliyetangulia kuonyesha njia ya kuzisoma kalenda zote mbili ni Mathias Mnyampala. Alizaliwa Ihumwa, jirani na mji, mwaka 1917, Mtunya ikianza. Wengi humjua kama mshairi na baba wa ngonjera, lakini pia alikuwa mtumishi wa serikali aliyefika ngazi ya liwali na hakimu, na mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikusanya habari za koo na watemi, akaonyesha kwamba Wagogo ni watu waliotokana na makundi mengi yaliyohamia nchi hii kwa nyakati tofauti. Alizijua karatasi za ofisini na masimulizi ya barazani, akaandika kwa Kiswahili ili wenyewe wasome.

Kazi hiyo leo ni ngumu zaidi. Operesheni Dodoma ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwenye vijiji, mbali na mahame na makaburi ya babu zao. Mwaka 1973 ukaja uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi hapa, na upimaji wa viwanja ukafuata. Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, na sasa mashamba ya pembezoni yanageuka mitaa. Alama ambazo mzee angemwonyesha mjukuu wake kwa kidole zinafutika.

Lakini njia ya kufanya ipo wazi. Nyaraka za Taifa zina majalada ya Wajerumani na vitabu vya wilaya vya Waingereza. Makanisa yana daftari za ubatizo na mazishi. Dayosisi ya Central Tanganyika peke yake ipo tangu 1927. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanza mwaka 2007, kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Kila mmoja akichukua ukoo mmoja, akaandika majina ya njaa ulizopitia, mahame yake na wafu wake, kisha akayaweka sambamba na majalada mwaka kwa mwaka, makao makuu ya nchi yatapata historia ambayo wenyeji wake wataitambua kuwa ni yao.