Tarehe ya Peni ya Fedha na Wakusanyaji Wake

Siku za Krismasi mwaka 1124, wafua sarafu wa Uingereza waliitwa mjini Winchester kwa amri ya Mfalme Henry I. Aliyewasimamia ni Roger, Askofu wa Salisbury. Mmoja baada ya mwingine wakakatwa mkono wa kulia na kuhasiwa, kwa kosa la kufua peni zenye fedha pungufu. Mapema Januari adhabu ilikuwa imekwisha. Watu hao hawakuwa wakubwa wa kuandikiwa vitabu, lakini majina ya wengi wao yamebaki, kwa sababu kila mfua sarafu alilazimika kuchapa jina lake na la mji wake kwenye kila peni aliyoitoa.

Hapo ndipo ulipo utamu wa sarafu za kale za Uingereza kwa wanaozikusanya. Fedha ile haikubeba jina la mfalme peke yake. Ilibeba na jina la fundi, na mahali alipokuwa akifanyia kazi. Ni tarehe iliyoandikwa kwa nyundo, na mara nyingine huisahihisha ile iliyoandikwa kwa kalamu.

Waliofua

Sarafu za kwanza kutengenezwa kisiwani zilitoka Kent, zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo. Zilikuwa vipande vya shaba iliyochanganywa na bati, vikamiminwa kwenye kalibu. Dhahabu ilikuwa imetangulia kuingia kutoka Gaul, ikiiga sarafu za Philip II wa Makedonia zenye kichwa cha Apollo upande mmoja na gari la farasi upande wa pili. Mafundi wakaiga nakala za nakala, mpaka uso wa Apollo ukabaki shada la majani, na farasi akabaki mistari na vitone. Baadaye yakaingia majina ya watawala. Cunobelin, aliyetawala kutoka Camulodunum, ndiyo Colchester ya leo, akaweka suke la nafaka na herufi CAMV. Mwaka 43 majeshi ya Roma yakavuka bahari, na sarafu za wenyeji zikatoweka.

Warumi wakaja na za kwao. Carausius, jemadari aliyeasi mwaka 286 na kujitangaza mfalme, akafungua karakana ya sarafu London. Utawala wa Roma ulipoondoka mwanzoni mwa karne ya 5, sarafu mpya hazikuja tena. Watu wakazikwangua kingo zile walizobaki nazo, na wengine wakazifukia. Dafina iliyofukuliwa Hoxne, Suffolk, mwaka 1992, ilikuwa na karibu sarafu 15,000, na nyingi za fedha zilikuwa zimepunguzwa kingo hivyohivyo.

Ulipita muda mrefu kabla watawala wa Kiingereza hawajaanza kufua tena. Karne ya 7 wakatoa dhahabu ndogo, na tangu miaka ya 670 vijisarafu vinene vya fedha. Kisha akaja Offa, mfalme wa Mercia kuanzia 757 hadi 796, akaipa nguvu peni pana na nyembamba. Peni 240 zilihesabiwa ratili moja, yaani pauni, na hesabu hiyo ikadumu zaidi ya miaka elfu. Offa alimruhusu hata mkewe, Cynethryth, kuwa na peni zenye jina lake. Hakuna malkia mwingine wa Waingereza wa enzi hizo mwenye sarafu kama hizo.

Lakini sarafu ya Offa ambayo msomaji wa Kiswahili angeitambua mara moja ni ya dhahabu, na imo British Museum tangu 1913. Ni dinari. Imenakiliwa kutoka dinari ya Bani Abbas ya mwaka 157 wa Hijra, zama za Khalifa al-Mansur. Upande mmoja kuna maneno kwamba hapana Mungu ila Allah peke yake, hana mshirika. Upande wa pili imeandikwa kwamba Muhammad ni Mtume wa Allah, na katikati ya mistari hiyo zimepenyezwa herufi za Kilatini: OFFA REX, yaani Mfalme Offa. Ukiishika ili usome Kiarabu sawasawa, jina la Offa linakuwa kichwa chini. Mchongaji hakuijua lugha aliyokuwa akiichonga, na makosa yake ya herufi yanaonekana. Alijua jambo moja tu, kwamba dinari ya Waislamu ilikubalika sokoni kila mahali, na kwamba sarafu ya mfalme wake ingefika mbali zaidi ikifanana nayo.

Baada ya Offa likaja neno la sheria. Mfalme Athelstan, aliyeshika enzi 924 hadi 939, aliamuru nchi nzima iwe na sarafu ya namna moja, na mfua sarafu atakayeghushi akatwe mkono na mkono huo upigiliwe misumari juu ya karakana yake. Akaupangia kila mji idadi ya mafundi: London wanane, Canterbury saba, Winchester sita. Mfalme Edgar, yapata mwaka 973, akaisimamisha sarafu upya: picha ya mfalme mbele, msalaba nyuma, na majina ya mfua na ya mji kuuzunguka. Utaratibu huo ulikuwa imara kiasi kwamba fedha ya Kiingereza ilitamaniwa na maadui. Mwaka 991 Waviking walilipwa ratili 10,000 ili waondoke, nazo kwa hesabu ni peni 2,400,000. Ndiyo maana hadi leo peni za Æthelred II, mfalme wa wakati huo, zimepatikana nyingi zaidi Skandinavia kuliko Uingereza kwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Fedha ilipigwa ikawa bamba, bamba likakatwa vipande vya mviringo. Muhuri wa chini, wenye ncha kali, ulikitwa kwenye gogo. Fundi akaweka kipande juu yake, akasimamisha muhuri wa pili juu ya kipande, akapiga nyundo. Peni ilitoka na upana wa kama milimita 19 na uzito ambao kwa kawaida haukufika gramu moja na nusu. Kama mkono uliteleza, picha ilikaa upande, na kosa la mtu wa mwaka 1000 linaonekana leo kiganjani mwako. Msalaba wa nyuma nao ulikuwa na faida: peni ilikatwa kwa kufuata mistari yake iwe nusu au robo, ili ipatikane chenji.

Tazama peni moja ya karne ya 13. Mbele pana uso wa mfalme mwenye vishungi vya nywele, na maneno HENRICVS REX. Nyuma pana msalaba mfupi, na maneno ILGER ON LVND: Ilger, wa London. Tatizo ni kwamba Henry II alipoanzisha aina hii mwaka 1180, warithi wake hawakubadilisha jina. Richard akatawala, akafuata John, na peni za aina hii zikaendelea kusema Henry mpaka 1247. Mkusanyaji anayetaka kujua ameshika peni ya nani huhesabu vishungi, hutazama ndevu, na hulinganisha umbo la herufi. L. A. Lawrence ndiye aliyezipanga peni hizo katika madaraja manane, na mpango huo ndio unaofuatwa.

Mwaka 1247 msalaba ukarefushwa mpaka ukingoni, ili anayekwangua ajulikane. Kukwangua hakukuisha. Mwaka 1278 Wayahudi wa Uingereza walikamatwa kwa wingi kwa tuhuma hiyo, mamia wakanyongwa, na mwaka 1290 waliosalia wakafukuzwa nchini. Kuanzia mwaka 1279 Edward I akatoa peni mpya, pamoja na nusu na robo zilizofuliwa mviringo. Jina la mfua sarafu likaondolewa, likabaki la mji tu. Mwaka 1344 Edward III akaleta dhahabu, na punde ikatoka noble yake yenye picha ya mfalme amesimama ndani ya jahazi. Mwaka 1489 Henry VII akatoa sovereign, sarafu ya kwanza kuwa na thamani ya pauni nzima. Kabla ya hapo pauni, yaani shilingi 20, ilikuwa ya kuhesabia tu. Hesabu hiyohiyo ya shilingi 20 kwa pauni ndiyo iliyoletwa Kenya, Uganda na Tanganyika na shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, na Zanzibar ikafuata mwaka 1936.

Waliokusanya

Miongoni mwa wakusanyaji wa mwanzo ni Sir Robert Cotton, aliyefariki mwaka 1631. Sarafu zake, pamoja na maandiko yake mashuhuri, zikaingia British Museum ilipoanzishwa mwaka 1753. Mwaka 1745 Martin Folkes alikuwa ametoa jedwali la sarafu za fedha za Uingereza. Akafuata Sarah Sophia Banks, aliyefariki mwaka 1818. Bi Banks alikusanya sarafu za dunia nzima, na katika daftari zake aliandika kila kitu amekipata kwa nani. Wengi wa zama zake hawakuona haja ya kuandika hivyo.

Rogers Ruding akachapisha tarehe ndefu ya sarafu mwaka 1817, na Edward Hawkins kitabu chake cha sarafu za fedha mwaka 1841. Chama cha wanasarafu kikaundwa London mwaka 1836. John Evans akaandika juu ya sarafu za Waingereza wa kabla ya Warumi mwaka 1864. Mwaka 1903 kikazaliwa chama cha pili, cha sarafu za Uingereza pekee. Mwaka 1929 duka la Seaby likatoa katalogi ya bei, na namba zake ndizo wanazotajiana wauzaji na wanunuzi hadi leo.

Watu hawa wanastahili shukrani. Bila wao, fedha nyingi ingeishia kwenye chungu cha sonara. Lakini kwa muda mrefu walipenda sarafu nzuri, wakaisahau ardhi iliyoitoa. Mwaka 1840 vibarua waliokuwa wakitengeneza ukingo wa mto Ribble, huko Cuerdale, Lancashire, walikuta sanduku la risasi. Ndani yake mlikuwa na dafina ya Waviking, sarafu zaidi ya 7,000, zikiwemo za Kiislamu kutoka Mashariki. Sehemu kubwa ilifika British Museum, na Hawkins akaiandika kwa uangalifu. Nyingine ziligawanywa kwa watu na taasisi zaidi ya 170. Kila ugawaji wa namna hiyo hukata uzi unaounganisha sarafu moja na jirani yake wa udongoni, na uzi huo ukikatika hauungiki.

Dafina mbili za mwaka 2015

Sheria ya Dafina ya mwaka 1996, iliyoanza kutumika Uingereza na Wales mwaka 1997, ilikuja kuziba pengo hilo. Anayepata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha katika dafina moja, zenye zaidi ya miaka 300, lazima atoe taarifa ndani ya siku 14. Makumbusho yakizitaka, hulipa thamani yake, na malipo kwa kawaida hugawanywa kati ya aliyepata na mwenye shamba. Mwaka huohuo wa 1997 serikali ikaweka maofisa wa kuandikisha hata vitu vidogo vinavyopatikana mashambani, na Fitzwilliam Museum ya Cambridge ikaanza kuorodhesha sarafu zilizookotwa mojamoja. Kutokana na orodha hizo, mashamba ambayo hayatajwi katika kitabu chochote yamejulikana kuwa yalikuwa masoko ya karne ya 8.

Oktoba 2015, karibu na Watlington, Oxfordshire, mtu mwenye kifaa cha kutambua metali aliona fedha, akatoa taarifa. Bonge zima la udongo likanyanyuliwa, likachambuliwa kwenye maabara ya British Museum. Mlikuwa na sarafu 186, vipande vya fedha na mapambo. Sarafu nyingi zilikuwa za Alfred wa Wessex na Ceolwulf II wa Mercia, na baadhi zinaonyesha watawala wawili wamekaa ubavu kwa ubavu, picha iliyoigwa kutoka dhahabu ya Roma. Tarehe iliyoandikwa kwenye himaya ya Alfred inamdharau Ceolwulf kuwa mtu mpumbavu, kibaraka wa Waviking. Peni zinasema vingine: wafalme wawili walishirikiana sarafu, miaka kadhaa. Ashmolean Museum iliinunua dafina hiyo mwaka 2017 kwa pauni milioni 1.35.

Miezi michache kabla, mwezi Juni, watu wawili walikuwa wamefukua dafina ya zama hizohizo karibu na Leominster. Hawakutoa taarifa, walianza kuiuza kwa siri. Sarafu zilikadiriwa kuwa kama 300, na zilizopatikana walipohukumiwa mwaka 2019 ni 31 tu. Walifungwa jela, lakini kifungo hakirudishi mpangilio wa udongo. Ushahidi mwingine juu ya Alfred na Ceolwulf, ambao ungeweza kusimama pembeni ya ule wa Watlington, umetawanyika, na sehemu kubwa yake haitajulikana tena.

Neno kwa anayetaka kuanza

Huhitaji utajiri. Peni ya Edward I, au nusu iliyokatwa ya Henry III, hununulika kwa pesa ya kawaida, kwa kuwa zilifuliwa kwa mamilioni. Nunua kwa anayeweza kukuambia sarafu imetoka wapi na imepita mikononi mwa nani. Usiisugue wala kuipaka dawa. Hifadhi karatasi yake ya zamani pamoja nayo, kisha ongeza jina lako na mwaka ulioipata, kama alivyofanya Bi Banks. Ukiwa unaishi Uingereza na unataka kutafuta kwenye kingo za mto Thames, omba kibali kwanza. Na ukiokota kisarafu cha shaba cha masultani ufukweni Kilwa, sheria ya moyo ni ileile: andika mahali ulipokikuta, kisha kipeleke kwa watu wa makumbusho kabla hujakionyesha kwa mnunuzi. Anayeuza sarafu bila habari zake amepata bei ya fedha, na sote tumepoteza tarehe.