Treni ya Usiku na Mlango Uliofunguliwa

Mwaka 1952 jamaa mmoja aliyekuwa ametoka jeshini aliingia katika ofisi ya klabu ya Los Angeles Rams, akaomba kazi ya kucheza mpira. Hakuwa ameitwa wala hakuwa na barua ya mkubwa yeyote. Alichobeba ni kitabu alichokuwa amebandika vipande vya magazeti vilivyoandika habari zake: mechi za sekondari, mechi za chuo kidogo, mechi za jeshini. Kabla mwaka haujaisha jamaa huyo alikuwa ameweka rekodi ambayo hadi leo hakuna aliyeifikia. Jina lake Richard Lane. Wapenzi wa mpira wanamfahamu zaidi kama Dick "Night Train" Lane, yaani Treni ya Usiku.

Marekani hadithi hii husimuliwa sana, na daima kwa mafunzo yale yale: kijana, ukiwa na kipaji na ukathubutu kubisha hodi, utafunguliwa. Ni hadithi tamu, na nani kati yetu asiyeipenda? Lakini msomaji mwenzangu, hebu tuulize swali moja la kihistoria. Je, Lane angebisha hodi katika mlango ule ule mwaka 1942, kitabu chake kwapani, angefunguliwa? Jibu ni hapana. Angekuwa na miguu ile ile na mikono ile ile, na asingefunguliwa. Basi kipaji peke yake hakielezi yote.

Tuanze na mtu mwenyewe. Lane alizaliwa mjini Austin, jimbo la Texas, katika miaka ya 1920. Akiwa na umri wa miezi mitatu tu alitupwa jalalani. Waliosikia kilio chake walidhani ni paka. Mama mmoja mjane, Ella Lane, akamchukua, akampa jina na kumlea kama mwanawe. Alisoma shule ya sekondari ya Anderson, shule ya watu weusi, kwani Texas ya siku zile haikuruhusu mtoto mweusi kuketi dawati moja na mzungu. Baadaye alikwenda Nebraska, akacheza msimu mmoja tu katika chuo kidogo cha Scottsbluff, kisha akaingia jeshini kwa miaka minne.

Alipotoka jeshini alipata kibarua katika kiwanda cha ndege Los Angeles. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwa kicheko kwamba alipoajiriwa alidhani atakaa ofisini kupanga mafaili. Kumbe alichotakiwa kupanga ni mabati makubwa yanayochuruzika mafuta, na mafuta yote yakimwagikia yeye! Hapo ndipo alipoamua kwamba liwalo na liwe, akaenda kwa Rams.

Mwaka huo klabu zilikuwa zimeshachagua wachezaji chipukizi kutoka vyuoni, vijana 360 kwa jumla. Lane hakuwamo hata katika nafasi ya 360. Na Rams hawakuwa timu ya mchangani. Walikuwa mabingwa wa ligi wa mwaka 1951. Hata hivyo walimpa majaribio.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana hapa ndipo hadithi tamu inaporuka kurasa. Tangu mwaka 1934 hadi 1945 ligi hiyo haikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja. Si kwamba hawakuwahi kuwapo. Miaka ya 1920 walikuwamo, na mmoja wao, Fritz Pollard, alifikia hata kuwa kocha. Ila baada ya msimu wa 1933 wakatoweka. Hakuna sheria iliyoandikwa. Wenye klabu walinyamaza tu, na kimya chao kikafanya kazi ya sheria kwa miaka 12.

Mwanzoni mwa 1946 Rams walihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles, wakaomba kutumia uwanja mkubwa wa Coliseum. Uwanja ule ulikuwa mali ya umma. Katika kikao cha kamati ya uwanja alisimama mwandishi wa michezo wa gazeti la watu weusi, Los Angeles Tribune, aitwaye Halley Harding. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibu: uwanja umejengwa kwa kodi, na watu weusi nao wanalipa kodi, iweje utumiwe na klabu inayowafungia mlango? Wenye klabu wakabanwa. Mwezi Machi mwaka huo wakamsajili Kenny Washington, na baadaye rafiki yake Woody Strode. Kumbuka kwamba huo ulikuwa mwaka mmoja kabla Jackie Robinson, aliyecheza nao chuoni, hajaingia katika ligi kuu ya besiboli.

Na hapa kuna uchungu. Washington alikuwa nyota wa chuo tangu 1939. Alipofunguliwa mlango alikuwa na umri wa miaka 27 na magoti yaliyokwisha kuumizwa. Alicheza misimu mitatu, akastaafu. Strode alicheza mmoja tu. Walioufungua mlango walipita wakiwa wamechoka. Lakini mlango haukufungwa tena. Mwaka 1949 akaingia Tank Younger, kutoka Grambling, chuo cha watu weusi, naye hakuwamo katika orodha ya waliochaguliwa. Kwa hiyo Lane alipobisha hodi mwaka 1952, Rams walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mchezaji mzuri anaweza kutokea mahali ambapo wenzao hawatazami.

Tuingie uwanjani. Kwa wasioujua mchezo huu: timu yenye mpira ina mrushaji wake, ambaye hutupa pasi ndefu kwa wapokeaji wanaochomoka mbio. Beki wa nyuma kazi yake ni kumganda mpokeaji asidake. Beki akiudaka yeye, mpira unageuka mali ya timu yake. Ni sawa na kumpokonya mtu tonge likiwa linakaribia mdomo.

Lane alikuja kuomba nafasi ya mpokeaji. Balaa ni kwamba nafasi hiyo ilikuwa na mafahali wawili, Tom Fears na Elroy Hirsch. Tena mipango ya mashambulizi ilimchanganya, ikabidi kila mara aende chumbani kwa Fears kuulizia. Fears alikuwa na gramafoni, na alipenda kupiga santuri ya wimbo uitwao "Night Train". Wenzake wakamkuta hapo kila siku, jina likamganda. Inasimuliwa kwamba mwanzoni hakulipenda. Kisha, katika mechi moja ya maandalizi, alimdhibiti vikali Charlie Justice wa Washington, ambaye jina lake la utani, Choo-Choo, ni mlio wa treni. Gazeti likaandika kwamba treni ya usiku imeiangusha treni nyingine relini. Tangu hapo Lane akalikubali jina.

Kocha Joe Stydahar alimwona mazoezini akifukuza watu kama mwenye deni nao, akamhamishia ulinzi. Hapo ndipo mambo yalipojipa. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mwenye mbio, na amezoea kucheza kama mpokeaji, Lane aliweza kusoma safari ya mpira kabla haujafika. Alimwachia mpokeaji nafasi kidogo, kama mvuvi anayelegeza mshipi, mrushaji akadhani njia nyeupe. Kumbe Lane yuko tayari. Katika mechi 12 za msimu wa 1952 alipokonya pasi 14. Tangu hapo msimu umerefushwa, ukawa wa mechi 14, kisha 16, na tangu 2021 ni mechi 17. Aliyemkaribia baadaye, Lester Hayes, alipata 13 mwaka 1980, kwa mechi 16.

Msimu wa pili haukuwa hivyo. Mwaka 1953 Lane alipata pasi 3 tu, na Rams wakamwachia aende Chicago Cardinals. Wapo waliodhani moto ulikuwa wa mabua? Basi mwaka 1954, akiwa Chicago, alipokonya pasi 10 na kuongoza ligi nzima. Alipostaafu mwaka 1965, akiwa Detroit, jumla ilikuwa 68. Mwaka 1974 aliingizwa katika jumba la heshima la wachezaji wa kulipwa, na alifariki Austin, Januari 2002.

Siandiki haya kupunguza sifa zake. Mtu aliyeokotwa jalalani akafika pale hana deni kwa yeyote. Ninachokataa ni ile tafsiri kwamba wasiofika hawakuthubutu. Kati ya 1934 na 1945 wangapi walikuwa na miguu kama ya Lane, wakazeekea viwandani, chini ya mabati yanayochuruzika mafuta? Majina yao hatuna, kwa sababu hakuna gazeti lililowaandika wala klabu iliyowapa majaribio.

Kwetu sisi tunaojifunza kuandika, Halley Harding anastahili kukumbukwa sambamba na Lane. Yeye hakudaka pasi hata moja katika ligi ile. Alikwenda kikaoni akiwa na hoja aliyoifikiri vizuri, akaisema mbele ya wenye uwanja, na miaka sita baadaye kijana asiyejulikana akapita pale na kitabu chake cha vipande vya magazeti.