Jaketi Okozi na Kizibao cha Kuelea

Anayetaka kujifunza mchezo wa skii ya majini huanza kwa kuulizia skii zenyewe: urefu wake, upana wake, bei yake. Haki yake, kwa kuwa mchezo huu ulizaliwa na mbao. Mwaka 1922, katika Ziwa Pepin jimboni Minnesota, Marekani, kijana Ralph Samuelson alijaribu mbao za mapipa, kisha skii za theluji, vyote vikamwangusha. Mwishowe alichukua mbao mbili, akazichemsha ncha ili zipinde, akavutwa na boti mpaka akasimama juu ya maji. Lakini kila mchezaji huanguka, na kinachomweka hai anapoanguka huvaliwa kifuani. Vazi hilo ndilo la kuchagua kwanza, na Kiswahili bado hakijalipa jina la kulitosha.

Jina lililoenea ni jaketi okozi. Wengine husema koti la kujiokolea, na wasafiri wengi wa vivukoni husema boya tu. Neno okozi limeundwa vizuri: limetokana na okoa, kama elekezi lilivyotokana na elekeza. Taabu ni kwamba limebebeshwa vitu viwili ambavyo wataalamu wa usalama wa majini huvitenganisha.

Kitu cha kwanza ni vazi lililoundwa ili kumgeuza aliyezirai, uso wake utazame juu apate kupumua. Sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuelea imewekwa kifuani na shingoni. Kitu cha pili ni vazi linalomsaidia mtu kuelea tu. Halimgeuzi. Linamtaka awe na fahamu, ajue kuogelea, na msaada uwe karibu. Viwango vya kimataifa vya ISO 12402 huyapanga mavazi haya kwa nguvu ya kuelea, inayopimwa kwa nyutoni. Daraja la 50 ni la kusaidia kuelea. Daraja la 100 ni la maji yaliyotulia. La 150 na la 275 ni ya bahari kuu. Nyutoni 50 ni nguvu ya kuinua takriban kilo 5, nayo humtosha mtu mzima kwa kuwa mwili ukiwa majini hupungua uzito mno.

Mchezaji wa skii huhitaji kile cha pili. Katika mashindano ya kupinda baina ya maboya, boti ya wanaume hufikia kilomita 58 kwa saa, na kwa mwendo huo maji hupiga kifua kwa nguvu. Sponji nene ya vazi hupunguza pigo hilo. Vazi lenye kola kubwa humzuia kunyoosha mikono na kumbana kidevu anapojikunja majini, magoti kifuani, akisubiri kuvutwa. Vazi la kujazwa hewa halifai kabisa: laweza kupasuka kwa kishindo, au lisijae pale linapohitajika.

Kwa hiyo napendekeza tuyatenge majina. Jaketi okozi libaki kwa vazi lililoundwa kumgeuza mtu, kuanzia daraja la 100. Lile la daraja la 50 tuliite kizibao cha kuelea. Kizibao tunakijua tangu zamani: ni vazi lisilo na mikono, linalobana kiwiliwili juu ya kanzu au shati, na ndilo umbo la vazi hili hasa. Maneno "cha kuelea" yanataja kazi yake bila kuahidi wokovu usiokuwemo.

Ukienda kununua, soma lebo kwanza: itaje daraja na uzito wa mvaaji. Vipo vizibao vyembamba vya mashindano visivyothibitishwa kuwa vya kuelea; anayeanza aviache. Cha nailoni ni nafuu na hukauka upesi. Cha neopreni hushika mwili vizuri zaidi na bei yake iko juu. Kivae, funga vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako akivute mabegani kwenda juu. Kikipanda hadi kidevuni, ni kikubwa. Halafu kijaribu kwenye maji ya kina kifupi kabla ya kushika kamba. Usikikalie wala kukianika juani siku nzima, maana sponji iliyobanwa na kuchomwa na jua hupoteza uwezo wa kuelea.

Wenye boti na vyombo vya kukodisha wana wajibu mkubwa zaidi. Abiria asiyejua kuogelea apewe jaketi okozi; asipewe kizibao cha kuelea kwa sababu tu vyote vina rangi ya machungwa na vifungo vya plastiki. Wahariri, walimu na wakalimani, tuanze kuyatumia majina haya mawili sasa, kila moja mahali pake.