Mita 100 za Ziwa Malawi
Vijana wenzangu, wengi wetu tunajua Ziwa Tanganyika au Kivu, lakini Ziwa Malawi tunalisikia tu. Kutoka Dzaleka mpaka upate kibali. Basi tusome historia yake. Mwaka 1875 wamisionari wa Scotland walifungua kituo Cape Maclear. Malaria ikaua kadhaa, 1881 wakahamia Bandawe. Makaburi yapo hadi leo. Mwaka 1980 serikali ikafanya pale hifadhi ya taifa, na 1984 UNESCO ikaitambua kwa ajili ya mbuna, samaki wadogo wa rangi wasiopatikana ziwa lingine. Ulinzi unaishia mita 100 tu ndani ya maji. Kijiji cha Chembe hakikuhamishwa, kimezungukwa na hifadhi, ila kuvua kwenye mita hizo kumewekewa vizuizi, na watu wale wanaishi kwa samaki! Ninyi wa mashirika mnaotoka Lilongwe wikendi kwenda kuogelea, waulizeni wavuvi, kisha mtuletee habari.