Kufufua Mashine za Kufulia: Ufundi na Spea Kiwalani

Biashara ya kufufua mashine za kufulia za mitumba ni changa Dar es Salaam, lakini ujuzi unaoibeba ulikuwepo muda mrefu kabla mashine zenyewe hazijafika kwa wingi. Kiwalani ni mahali pazuri pa kuifuatilia historia hiyo. Kata hii iko kando ya Barabara ya Nyerere, kati ya Vingunguti, Kipawa na Yombo. Ilijaa watu wakati barabara hiyo ikiitwa Pugu Road na viwanda vyake vikihitaji wafanyakazi ambao hawakuwa na uwezo wa kupanga karibu na mjini. Fundi anayeishi hapo ana mtaa wa viwanda vidogo wa Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) Vingunguti upande wa pili wa barabara, ana wanunuzi wa chuma chakavu jirani, na akipanda daladala anafika Gerezani na Kariakoo, zinakopatikana spea.

Umeme ndio ulioamua mwanzo nani angekuwa na mashine. Kampuni za TANESCO na DARESCO zilianzishwa mwaka 1931, na DARESCO ndiyo iliyoihudumia Dar es Salaam. Mji ulikuwa umegawanywa kwa rangi ya watu: Wazungu pembeni mwa bahari, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo na kwingineko, na nyaya za umeme zilifuata mgawanyo huo huo. Hata hivyo, hata penye umeme mashine ya kufulia ilikuwa nadra, kwa sababu kazi ya mikono ililipwa kidogo mno. Dobi alikusanya nguo nyumba kwa nyumba, akazifua, akazinyoosha kwa pasi ya mkaa na kuzirudisha zikiwa zimekunjwa. Mwajiri hakuona sababu ya kununua chombo cha bei kubwa wakati mshahara wa mtu aliyefua kwa mikono ulikuwa mdogo kuliko bei hiyo kwa mbali.

Hata Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika, mashine hizo zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1948 Hoover ilifungua kiwanda Merthyr Tydfil, Wales, na mashine zake za mwanzo zilikuwa na roli mbili za kukamulia zilizozungushwa kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikatoka Hoovermatic, yenye sehemu mbili: moja ya kufulia, nyingine ya kukamulia kwa mzunguko wa kasi. Muundo huo wa sehemu mbili umedumu. Mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo Kariakoo, zilizotoka China, zinafuata wazo hilo hilo, na fundi anayeuelewa muundo wa zamani hapotei akifungua mpya.

Baada ya Uhuru na Azimio la Arusha la mwaka 1967, uagizaji wa bidhaa ulishikwa na mashirika ya umma, kwanza chini ya Shirika la Biashara la Taifa, kisha, kuanzia mwaka 1973, kupitia makampuni yaliyogawanywa kwa aina ya bidhaa na kwa mikoa. Fedha za kigeni zilikuwa chache na zilielekezwa kwenye mafuta, chakula na mitambo ya viwanda. Vyombo vya nyumbani vilikuja mwisho. Kupanda kwa bei ya mafuta mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977 na Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 viliifanya hali kuwa ngumu zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata sabuni ilipatikana kwa foleni, na wapo waliofulia majani ya mpapai. Mashine ya kufulia katika mji usio na sabuni ilikuwa kabati tu.

Lakini ni katika miaka hiyo hiyo ufundi ulipokomaa. Pampu ya maji ikiungua, hapakuwa na nyingine dukani; feni ikisimama, ilibidi izunguke tena. Mafundi wa Gerezani na wa mitaani walijifunza kusuka mota: kutoa waya ulioungua, kuhesabu mizunguko ya kila koili, kupima unene wa waya, kusuka mpya wa shaba kwa idadi ile ile, kuweka karatasi ya kukinga, kupaka vanishi na kukausha. Walichonga bushi kwa mashine ya kukerezea na kukata gasketi kutoka mipira ya ndani ya matairi. SIDO, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, ilizipa karakana ndogo vifaa na mafunzo, na Chuo cha Ufundi Stadi Chang'ombe kilitoa mafundi michundo wengi. Waliobaki walifundishwa kazini, kijana akikaa na fundi miaka kadhaa bila cheti chochote. Ujuzi huo wa mota, beringi na mikanda ndio uliosubiri mashine za kufulia zije.

Zilikuja baada ya milango kufunguliwa. Bajeti ya mwaka 1984/85 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni bila kuulizwa walizipataje, na makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa ya mwaka 1986, wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi, yaliendeleza mkondo huo. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Bara walianza kuleta vyombo vilivyotumika kutoka Dubai, Ulaya na Japani. Redio na friji zilitangulia, kisha runinga, hasa baada ya vituo binafsi kuanza kurusha matangazo Bara mwaka 1994. Mashine ya kufulia ilichelewa kwa sababu ya wazi: friji inataka umeme peke yake, mashine inataka umeme na maji kwa wakati mmoja, na nyumba zenye vyote viwili bila kukatika zilikuwa chache.

Mahali mashine inapotoka kuna uzito kwa fundi. Tanzania ilirithi kwa Waingereza plagi ya pini tatu bapa na umeme unaofanana na wao, ambao sasa ni volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine kutoka Uingereza au Dubai inachomekwa na kufanya kazi. Ya Japani imeundwa kwa volti 100. Ikichomekwa moja kwa moja inaungua, hivyo inahitaji transfoma. Ya Marekani ina tatizo la pili ambalo transfoma hailitatui: mota yake ya kawaida imetengenezwa kwa mizunguko 60, na kwenye 50 inazunguka taratibu zaidi, karibu sehemu moja kati ya sita, na kupata joto. Mafundi wazoefu huwashauri wateja kuziacha mashine za namna hiyo.

Maji yaliamua mambo mengi zaidi ya umeme, na ndiyo sababu ufundi wa Dar es Salaam una sura yake. Mtandao wa mabomba uliotegemea mitambo ya Ruvu Juu ya mwaka 1959 na Ruvu Chini ya miaka ya 1970 haukuweza kuufuata mji ulivyopanuka. Baada ya ukame wa mwaka 1997 visima virefu vilichimbwa kwa wingi, na vingi vya pwani vina maji ya chumvi. Chumvi hutafuna. Ndani ya mashine inayofunguka kwa mbele, pipa linalozunguka hushikiliwa kwa nyuma na mkono wa aluminiamu wenye ncha tatu. Sabuni na chumvi huula mkono huo hadi unapasuka, na pipa linaanza kugonga. Watengenezaji wa Ulaya hawakuiunda mashine kwa maji ya kisima cha Temeke au Ilala.

Tatizo jingine ni msukumo. Valvu ya kuingizia maji hufunguka vizuri kukiwa na msukumo wa bomba la mjini, wakati nyumba nyingi hutegemea simtanki lililowekwa juu ya mnara mfupi. Maji yanaingia kwa kuchuruzika, mashine inahesabu muda, inaona hayajajaa, inasimama na kuonyesha alama ya hitilafu. Mteja hudhani imekufa. Dawa yake haina gharama: fundi hufungua valvu na kutoa kipande kidogo cha mpira au plastiki kinachopunguza kasi ya maji, kisha maji hupita. Mashine za zamani za Uingereza zilizo na mipira miwili, wa maji moto na wa baridi, hufungiwa tundu la maji moto au huunganishiwa mipira yote miwili kwenye bomba moja.

Kazi inayomtofautisha fundi halisi na mbabaishaji ni kubadilisha beringi. Mashine inayonguruma wakati wa kukamua na kuacha kutu chini imekwisha beringi, na karibu kila mara chanzo ni sili: mpira unaozuia maji umechakaa, maji yameingia, grisi imeoshwa. Fundi hutoa uzito wa zege ulio juu au mbele ya pipa, mkanda, mota na hita, kisha hulitoa pipa zima na kulifungua. Nyuma kuna beringi mbili, kubwa upande wa nguo na ndogo upande wa mkanda. Zikigongwa na kutoka, jambo la kwanza ni kuzisafisha na kusoma namba kwenye ukingo. Namba hizo ni za dunia nzima: 6205 ina tundu la milimita 25, upana wa nje wa milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetoka kwenye mashine ya kufulia, pampu au gari. Tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa tano zinatoa kipimo cha tundu. Kwa hiyo beringi ya mashine ya miaka thelathini haitafutwi kwa wakala wa mashine. Inanunuliwa kwenye duka la beringi, na muuzaji hahitaji kujua inakwenda wapi.

Sili ndiyo inayosumbua. Vipimo vyake vitatu, upana wa ndani, wa nje na unene, mara nyingi havilingani na vya sili ya dukani. Fundi hupima shafti kwa kalipa na kutafuta sili ya mafuta ya gari inayokaribia, au huagiza kipande cha kuongezea kichongwe. Mashine mpya zimeongeza ugumu mwingine: pipa la plastiki limeunganishwa kiwandani kwa joto bila skrubu, kana kwamba halikukusudiwa kufunguliwa kamwe. Mafundi hulikata kwa msumeno wa chuma kufuata mshono, hubadilisha beringi, hutoboa matundu kuzunguka ukingo na kulifunga kwa bolti na silikoni. Ni kazi inayostahili heshima, maana inakirudishia uhai chombo ambacho kiwanda kilikihesabu kuwa cha kutupwa.

Spea nyingine hutoka kwenye mashine zilizochinjwa. Mafundi hutumia neno hilo kama wauza spea za magari: mashine isiyofaa kutengenezwa hufunguliwa, na kila kilicho kizima, yaani mota, pampu, taima, kufuli ya mlango, mpira wa mlango, huwekwa akiba. Hapa kujua historia ya viwanda kunalipa. Hoover ya Ulaya ilinunuliwa na Candy mwaka 1995. Hotpoint ya Uingereza ikaangukia mikononi mwa waliotengeneza Ariston na Indesit, na mwaka 2014 Whirlpool ikainunua Indesit. Pampu za Askoll ya Italia zimefungwa ndani ya mashine za majina mengi tofauti. Fundi anayesoma lebo ya pampu badala ya jina lililo mbele ya mashine hupata spea ambayo mwenzake ameambiwa haipo. Kapasita nayo ni hivyo: ya mota ya kufulia kwenye mashine ya sehemu mbili mara nyingi ni kati ya maikrofaradi 9 na 12, na duka la vifaa vya pampu za maji huwa nayo.

Wateja wa kazi hii si wa nyumbani peke yao. Nyumba za wageni zenye mashuka ya kila siku, saluni zenye taulo na madobi walioacha karai ndio wanaoichosha mashine, na ndio wanaorudi kwa fundi. Mradi wa Uendelezaji wa Jiji la Dar es Salaam (DMDP), ulioanza mwaka 2015, uliweka lami katika baadhi ya barabara za ndani za Kiwalani, na hilo lina maana kwa mzigo wenye zege ndani yake: guta linaufikisha mlangoni bila kuutikisa hadi uvunjike.

Mabadiliko makubwa ya karibuni ni bodi ya sakiti. Mashine za zamani ziliongozwa na taima ya magurudumu yenye meno, ambayo fundi aliweza kuiona ikikosea. Za sasa zinaongozwa na sakiti, na umeme unaopanda na kushuka, hasa unaporudi baada ya kukatika, huiunguza. Mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na ule wa mwaka 2011 uliwafundisha wengi thamani ya friji gadi, kifaa cha kukinga vyombo dhidi ya umeme wa namna hiyo. Kijana aliyejifunza ufundi wa simu anashika bodi kwa urahisi kuliko mzee aliyesuka mota miaka 30, hivyo kazi moja siku hizi hupita mikono miwili. Bodi ikishindikana, wapo wanaoiondoa na kufunga taima ya kawaida na swichi. Programu zinapotea, lakini mashine inafua na kukamua. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) nayo hutahini na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza mitaani, jambo linalowawezesha kuomba kazi za hoteli na hospitali.

Kisichofufuka huuzwa kwa kilo. Shaba ya mota ina bei kubwa kuliko vyote, ikifuatiwa na aluminiamu. Bati la nje huenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na pipa la chuma kisichoshika kutu, lenye matundu yake, hugeuzwa jiko la kuchomea nyama. Zege hubaki. Kanuni za taka za vifaa vya umeme na elektroniki za mwaka 2021, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinamtaka anayekusanya au kuchakata taka hizo awe na kibali, na kwa karakana ndogo zinazochinja mashine uani hilo ni sharti jipya katika kazi ambayo mpaka hapo ilijiendesha yenyewe.